Kiondo cha Nyaguthii: Kwa Baiskeli Kutoka Nyeri Hadi Timau

Mmeniuliza mno. Mmeniuliza nikiwa nimelala chini ya pampu, mmeniuliza pale buchari siku ya Jumamosi nyama ikiwa bado motoni: safari ya Timau ilikuwaje, na mbona ulirudi umenyamaza? Nimekuwa nikijibu kwamba ilikuwa nzuri, kisha naomba chumvi. Sasa nawaandikia jibu lenyewe, mlisome kwa zamu.

Nyinyi mnanijua, lakini karatasi hutembea, huenda ikamfikia asiyenijua. Basi niseme. Mimi ni mtoto wa Nyeri niliyekwenda Ujerumani na sanduku moja. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili yangu. Niliosha sufuria za hoteli miaka mitatu, jioni nikisoma, mpaka nikapata diploma ya ufundi wa mitambo, ile mnayoiona ukutani karakanani. Nilirudi mwaka wa tisini na tano na kreti ya spana na baiskeli ya milima yenye gia ishirini na moja. Wakati huo sikujua nyingine kama hiyo kutoka Karatina hadi Nanyuki, na kama ilikuwepo, mwenyewe aliificha.

Kule kiwandani nilifanya kazi na mzee mmoja ambaye kila kiangazi alipanda baiskeli kwenda kuyaona makaburi na mahandaki ya vita vyao. Siku moja aliniuliza, kwenu vita vilipita wapi? Nikajibu, kila mahali. Akauliza, kama wapi? Nikakosa hata pahali pamoja pa kumtajia. Mimi, mzaliwa wa Nyeri! Aibu hiyo ndiyo iliyonipandisha baiskeli. Nilipanga siku tatu, barabara za changarawe tupu, lami niiguse tu pale isipoepukika, kutoka Nyeri kuuzunguka mlima kwa upande wa magharibi hadi Timau.

Mengi ya mazungumzo yalikuwa kwa Kikuyu. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu Otieno na Mutua, wasiokijua Kikuyu, nao watayasoma.

Kwa shangazi, na kutoka mjini hadi Chaka

Jioni ya kabla ya safari nilipita kwa shangazi yangu Muthoni, dada mkubwa wa baba, kumuaga. Nilipotaja Timau aliacha kumenya ndizi. Aliingia chumbani akatoka na kiondo cha zamani, kile cha nyuzi za magome ya mti, kilichokuwa cheusi kwa moshi, chenye mkanda wa ngozi.

"Hiki si changu," alisema. "Ni cha Nyaguthii. Yuko Timau. Mama mmoja wa kanisa alimwona huko miaka mitatu iliyopita."

"Na miaka mitatu hii hujaenda, Tata?" nilimwuliza, kama tunavyomwita shangazi kwetu.

"Ningeenda kusema nini?"

Akanisimulia, akitazama ndizi wala si mimi. Wakati wa hali ya hatari, mkoloni alipokuwa akipigana na watu wa msituni, walipochomewa nyumba na kukusanywa katika kijiji chenye uzio, yeye na Nyaguthii walikuwa wake vijana, kibanda kwa kibanda. Kutwa walichimba handaki la kuutenga msitu na watu. Jioni waliruhusiwa saa moja tu ya kukimbia shambani kutafuta chakula, kwa hiyo walipeana zamu: mmoja aende, mwenzake abaki kuwasha moto. Siku hiyo ilikuwa zamu ya shangazi. Kiondo chake kilikuwa kimechanika, akaazima cha Nyaguthii. Aliporudi na viazi vitamu vya watu wawili, alikuta Nyaguthii ameshapakiwa kwenye lori, amepelekwa kizuizini. Ati alilisha watu wa msituni.

"Nilichoma viazi," shangazi alisema. "Nikala vyangu. Kisha nikala vyake. Nilijua ni vyake, na nikavila."

Nikasema kwamba hiyo ni zamani.

"Mfikishie. Nimechimba viazi vya mbegu ile ile. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hilo unalijua hata kama ulikaa Ulaya. Na umwangalie uso akivipokea. Ukirudi utaniambia kama tumemalizana vizuri au tumemalizana vibaya."

Alinifungia pia chakula changu cha njiani, mayai na mihogo ya kuchemsha, katika mfuko mwingine. Kiondo nilikifunga kwenye keria ya nyuma kwa mipira ya tyubu, kikakaa imara. Mimi nikifunga kitu kimefungwa.

Asubuhi nilianzia kwenye makaburi ya vita pale mjini. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa mistari. Mtunza bustani alinijia, akaegemea reki yake.

"Unamtafuta nani?"

"Hakuna. Nimekuja kuangalia tu."

"Hakuna mtu wako hapa?"

"Sina."

"Basi angalia," alisema kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mgonjwa. "Lakini baiskeli isikanyage nyasi."

Kutoka hapo niliteremka kwa njia za nyuma kuelekea Kiganjo, katikati ya kahawa na vibanda vya maziwa, vumbi jekundu likinipanda hadi magotini. Chaka nilifika mapema kuliko nilivyopiga hesabu. Wachuuzi wa nyama walinizunguka kabla sijashuka.

"Hii ni baiskeli ama ni pikipiki imekonda?" mmoja aliuliza.

"Ni baiskeli. Gia ishirini na moja."

"Na wewe uko na miguu ngapi?"

Walicheka, nami nikacheka, kisha nikawaonyesha jinsi gia zinavyoruka. Niliketi hapo kwenye benchi nikala mayai yote na mihogo yote huku nikiwaeleza habari za Ujerumani. Ilikuwa saa tano asubuhi. Mtu mwenye diploma angejua kugawa chakula cha siku nzima, lakini wasikilizaji walikuwa wazuri.

Chaka hadi handakini

Niliiacha lami Chaka nikashika barabara ya kupandia msituni, upande wa Kabaru. Hapo ndipo safari ilipokuwa safari. Kushoto mashamba ya viazi na kabichi, kulia miti myeusi ya msitu, na barabara ya kokoto inayopanda na kushuka. Watoto wa shule walinipigia kelele "Mzungu!" na walipoona uso wangu wakanyamaza kwa kuvunjika moyo.

Nilitafuta handaki kwa muda wa saa nzima. Nilikuwa na picha kichwani: shimo refu, kina cha watu wawili, kuta zilizonyooka, labda na kibao. Nilisukuma baiskeli kando ya msitu nikichungulia huku na huku. Mwishowe nilimwona mzee amesimama na ng'ombe wawili, koti la mvua la kijeshi mabegani.

"Shikamoo mzee. Natafuta handaki la wakati wa hali ya hatari."

Alinitazama tangu kofia hadi viatu.

"Umesimama ndani yake."

Nilitazama chini. Nilikuwa katika bonde dogo lenye majani, kina chake hakizidi kiuno. Mvua za miaka arobaini zilikuwa zimelijaza udongo, na mbele kidogo mtu alikuwa amepanda mbaazi humo. Mimi, fundi, nilikuwa nimelivuka mara tatu.

"Lilikuwa la kina gani?"

"Mama yako akiwa ndani hungemwona. Sakafuni kulikuwa na mianzi iliyochongwa." Jina lake, aliniambia, ni Gathogo. Alipigana Burma katika vita vya dunia. "Huko nilichimba mahandaki nikilipwa mshahara. Nikarudi hapa nikakuta mke wangu anachimba bila malipo. Na mimi sikuruhusiwa kumsaidia."

Ilikuwa mwisho wa Juni na mvua haikutarajiwa, lakini mlimani mvua haimwombi mtu ruhusa. Ilishuka mara moja. Mzee Gathogo aliwaelekeza ng'ombe kwenye banda lake la mbao, akanipungia mkono nimfuate. Tulikaa mle saa tatu nzima. Barabara niliyojia ikageuka uji mwekundu. Nilijaribu kutoka mara moja, tairi zikabeba matope mpaka zikakataa kuzunguka.

Mzee aliwasha moto, akabandika birika la chai ya maziwa. Hakuwa na kingine. Alinimiminia kikombe cha bati kilichojaa pomoni, yeye akajiwekea nusu, nikaona birika limekwisha. Sasa niambieni. Mtu aliyetoka Ulaya, mwenye karakana yake, ananyweshwa chai yote ya mzee wa Burma, naye mikono yake haina kitu? Sikuweza. Nilitazama kiondo.

Nilijua ni vya nani. Siwezi kuwadanganya nyinyi. Nilijiambia: viazi ni viazi, Nanyuki kuna soko.

"Mzee, niko na viazi vitamu hapa."

"Vya kuchoma?"

"Choma vyote."

Alivipanga kwenye majivu kimoja kimoja. Vilikuwa vyekundu kwa nje, vyeupe ndani, vikavu, vitamu kama chestnati, zile njugu za kuchoma za Ulaya, na zaidi. Tulivila vyote tukipuliza vidole. Mzee alinisimulia Burma, mito na ruba, nami nikamsimulia theluji. Ilikuwa saa nzuri kuliko nyingi nilizopata katika maisha yangu, na sitaikana.

Mvua ilipopungua alinisaidia kukwangua matope kwenye magurudumu kwa kijiti. Alipoona nafunga kiondo aliuliza, "Unakwenda nacho kwa mtu?"

"Ndiyo. Timau. Nakirudisha."

"Kikiwa kitupu?"

"Nitanunua vitu Nanyuki."

Mzee alinitazama nikivuta mipira.

"Haya," alisema.

Nilisukuma baiskeli zaidi ya nilivyoipanda, nikafika Naro Moru jua likizama, nikalala gesti, na nyayo zangu zikaacha alama nyekundu kwenye ngazi zote.

Naro Moru hadi Nanyuki

Asubuhi mlima ulikuwa wazi, meupe yote ya kileleni yakionekana, na mimi nilikuwa nimepona uchovu. Njia za mashamba kutoka Naro Moru ni kavu na pana, nyasi za manjano pande zote mbili, upepo mgongoni. Nilipita kidaraja cha mawe ambacho mchunga kondoo aliniambia kilijengwa na wafungwa wa Kiitaliano wa vita vya dunia. Nilikikagua kwa jicho la fundi: kila jiwe limekaa mahali pake. Nilimwuliza mchungaji kama kuna anayejua majina ya waliokijenga.

"Wao wanajua," alijibu.

Karibu na Nanyuki mwiba wa mgunga ulinitoboa tairi la nyuma. Solusheni yangu, gundi ya viraka, ilikuwa imekauka, kwa hiyo nilisukuma hadi kwa fundi wa baiskeli chini ya bati moja, kijana mwenye ovaroli. Aliitoa tyubu, akaizamisha kwenye karai la maji, akaona povu.

"Mzee, hii kitu iko na gia mingi," alisema. "Lakini pancha ni ile ile."

Ningemjibu, lakini kiraka chake kilikuwa safi kuliko changu, na mimi huheshimu kazi.

Kisha nikaenda kukijaza kiondo. Sokoni mama mmoja aliniita, "Kastoma, niko na viazi tamu, angalia hii, ni asali!" Nilisimama. Vilikuwa vyekundu, vizuri. Ningeweza kuvinunua na hadithi ingeishia hapo. Lakini nilijiona nikifika kwa mama mzee baada ya miaka arobaini, nimetoka mbali hivyo, natoa viazi, kitu anacholima mwenyewe uani. Nikaona viazi ni shukrani ya maskini. Nikaingia dukani nikanunua sukari kilo nne, majani ya chai, mafuta ya kupikia ya mkebe, mikate miwili ya slesi na kopo la kakao. Kiondo kikafura kama tumbo la tajiri. Nililala Nanyuki nikiwa mtu aliyejisahihisha.

Nanyuki hadi Timau

Kutoka Nanyuki barabara hupanda kwa uvumilivu, na njia za mashambani hupanda zaidi. Gia zangu zote zilipata kazi. Ngano pande zote, kijani hadi ukingoni mwa macho, na baridi inayoingia kwenye mikono ya shati. Nilikuwa peke yangu muda mrefu hivi kwamba nilianza kuimba nyimbo za kanisa, kwanza sauti ya bezi, kisha nikajaribu na ile ya kina mama.

Timau niliuliza posho-mili, penye mashine ya kusaga unga. Walimjua mara moja: Nyaguthii wa kule juu, aliyefiwa na mume, mwenye nyumba ya mabati ya kijani. Nilimkuta ameketi mlangoni juani, anapukuchua mahindi katika ungo, mwanamke mdogo wa mwili, mgongo ulionyooka, leso ya buluu kichwani.

Nilianza salamu zangu, nimezipanga tangu Nyeri. Hakuzisikia. Alikuwa akitazama nyuma yangu, kwenye keria.

"Hicho umekitoa wapi?"

Nilikifungua nikamletea. Alikipakata. Alipitisha kidole kwenye mshono wa mkanda wa ngozi, taratibu, akarudi akapita tena.

"Huu niliushona mimi," alisema. "Sindano ilikuwa ya kuazima. Muthoni yu hai?"

"Yu hai, mama. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Amenituma nikurudishie."

Akafumba macho. Nami nilikuwa nimeambiwa niangalie uso, kwa hiyo niliuangalia. Ulikuwa uso wa msichana. Kisha akafumbua macho, akaangalia ndani ya kiondo.

Alitoa kila kitu kimoja kimoja akakipanga kwenye benchi. Sukari, pakiti nne. Majani. Mkebe wa mafuta. Mikate. Kakao. Alipomaliza benchi lilikuwa kaunta ya duka, na ule uso ulikuwa umeondoka.

"Muthoni ana duka siku hizi?"

"Hapana, mama."

"Ameolewa na tajiri?"

"Ni mkulima tu."

"Sukari hupelekewa mkwe," alisema. "Sukari hupelekewa mtu ambaye hujui anakula nini. Basi. Mwambie nimepokea. Mwambie tumemalizana." Akarudi kwenye mahindi yake, punje zikidondoka ungoni.

Nilisimama pale na kofia mkononi. Ningeweza kuondoka. Uso ningemweleza shangazi kwa maneno mazuri. Maneno sijawahi kuyakosa. Lakini kilichokuwa kikidondoka pale ungoni ni miaka arobaini na zaidi ya shangazi yangu, na aliyeiharibu ni mimi.

"Mama, vitu hivi si vyake. Ni vyangu. Yeye aliniwekea viazi vitamu, amevichimba mwenyewe, vya mbegu ya kule kijijini."

Mikono yake ilisimama.

"Viko wapi?"

"Nilivila."

"Ulivila?"

"Mimi na mzee mmoja, karibu na Kabaru. Mvua ilitukamata. Nilijua ni vyako, na nikavila."

Maneno hayo yaliponitoka niliyatambua, yalikuwa ya shangazi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nilimweleza yote: kwamba jioni ile ya lori Muthoni alirudi na viazi vya watu wawili, kwamba alikula vyake na vya mwenzake, kwamba hilo ndilo lililomzuia kuja miaka yote hii.

Nyaguthii aliniangalia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia nikapiga hatua. Hapana. Alicheka bila sauti, mabega tu, mpaka pumzi ikamwishia, na mwishoni ikamtoka sauti moja nyembamba ya kupanda, kama bawaba ya mlango unaofunguliwa polepole. Akajifuta macho kwa leso.

"Kwenu ni ukoo wa kula vya Nyaguthii," alisema. "Keti chini."

Niliketi.

"Nikiwa ndani ya lori niliomba kitu kimoja tu. Wenzangu walikuwa wakiombea waume zao, mimi niliomba Muthoni ale viazi vyote. Nilimjua. Niliogopa atakaa na vyangu mkononi akinilia mpaka vioze. Alikuwa na mimba. Hakuna aliyejua ila mimi, maana angesema, wangemwambia ni mvivu wa handaki." Alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikiwa vigumu kama mbao. "Walipomaliza nami, mume wangu alikuwa ameshapata kazi huku kwenye ngano, nikaletwa moja kwa moja. Kumwuliza mtu niliogopa. Uchimbaji ule uliwatoa wengi mimba. Sikutaka kusikia. Sasa nimezeeka, niambie. Alizaliwa?"

Jina Nyaguthii limejaa Nyeri, liko kila kijiji, ndiyo maana tangu mwanzo halikunigutusha. Lakini sasa nilikumbuka ugomvi niliousikia utotoni, wa upande wa mume wa shangazi. Kwetu binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba yake, haliulizwi. Shangazi alikataa. Alimpa mtoto jina ambalo halikuwa la nyumba ile wala la nyumba yetu, akatukanwa na wakwe miaka mingi, na hakueleza kwa nini.

"Alizaliwa, mama," nilisema. "Ni msichana. Ni mwalimu, ana watoto watatu. Anaitwa Nyaguthii."

Hakulia. Alikisukuma kiondo polepole kutoka mapajani mwake mpaka mapajani mwangu.

"Rudi nacho," alisema.

"Mama, ni chako."

"Ni changu. Na mwambie Muthoni viazi sijavipata. Viliingia midomo mingine njiani. Bado ninangoja, moto nimewasha. Avilete mwenyewe, asimtume mtu wa ukoo wenu tena, maana tumeona." Mabega yakaanza tena. "Na aje na huyo mwalimu."

Nikainuka kukusanya pakiti za benchi.

"Sukari acha," alisema. "Si nimekwambia nina wageni?"

Timau hadi Nyeri

Nilirudi kwa lori la kabichi, baiskeli juu, mimi nikiwa mbele na dereva na kiondo magotini. Kama kuna mwenye la kusema, aseme akiwa Timau saa kumi jioni na miguu yangu.

Kwa shangazi nilifika kesho yake asubuhi. Alikuwa uani akifagia. Aliona kiondo mkononi mwangu, akaona kilivyolegea kwamba ni kitupu, na fagio likamtoka. Kiondo kilichorudishwa kitupu kwa mwenye kukipeleka, mnaelewa maana yake. Ni mlango umefungwa.

"Alikikataa," alisema.

"Ngoja, Tata. Ngoja nikueleze."

Nilimweleza nikiwa nimesimama, kuanzia birika la mzee Gathogo. Nilipofika kwenye majivu aliniita mjinga kwa jina langu kamili na la baba yangu, akataka kujua kama huko Ujerumani hufundishwa kula chakula cha watu, na diploma hiyo ni ya meno? Nilikubali yote. Nilipofika kwenye sukari alifunika uso kwa mikono. Nilipofika kwenye lori, na ombi lile la Nyaguthii, aliketi juu ya mawe ya kufulia.

"Alijua?" alisema. "Aliniombea nivile?"

"Ndiyo."

Kuku walipita katikati yetu, nami nikampa ujumbe wa Timau hadi mwisho.

"Na akasema nivilete mwenyewe."

"Wewe na dada Nyaguthii. Ati moto amewasha."

"Alisema hivyo akicheka, au alikuwa amekasirika?"

"Akicheka."

"Alicheka vipi?"

"Alicheka tu, Tata. Kicheko."

"Nakuuliza alicheka vipi! Kuna kicheko cha kumfukuza mtu."

Basi mimi, fundi mwenye diploma, mtu wa umri wangu, nilisimama katikati ya ua wa shangazi nikajaribu kucheka kama mama mzee wa Timau. Nilitikisa mabega. Nikatoa sauti nyembamba. Nikaonekana kama mtu aliyesakamwa na mfupa.

"Siyo hivyo," alisema shangazi.

Akavuta pumzi. Mabega yake yakaanza kutikisika, kimya, yakatikisika muda mrefu, mpaka pumzi ikaisha. Kisha ikamtoka ile sauti moja, nyembamba, inayopanda, kama mlango unaofunguliwa polepole. Ilikuwa yenyewe. Nilikuwa nimeisikia Timau siku iliyopita, na hii haikupungua wala kuzidi.

"Ni hiyo?" aliuliza.

"Ni hiyo hiyo, Tata."

Akaicheka mara ya pili, kwa ajili yake mwenyewe. Kisha akaniambia niache kusimama kama mlingoti, nikamletee jembe.